Kura ya Trekta na Jina la Baba

Shemeji yangu Polikarp, mume wa dada Jane, ni fundi kompyuta Sumbawanga mjini, na ana akili nyingi mpaka zinamsumbua. Sisi wa kikundi cha trekta hapa kijijini Kate tulichoka kugombana kila wiki nani alimiwe kwanza. Akatutengenezea kiboksi cha kupigia kura: unakiwasha, unabonyeza, jina linatokea.

Jumapili ya kwanza likatokea la Zenon, baba yangu. Ya pili, Zenon. Ya tatu, loo, Zenon tena! Mama Margareth, mwenyekiti wetu, akamwambia shemeji mbele za watu, "Kijana, kumpenda mkwe ni vizuri, lakini trekta ni letu sote." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akapewa wiki moja: kisipotenda haki, kiondoke, naye asikanyage tena kikundini.

Wiki nzima alishinda amekiinamia kiboksi. Nikamtania, "Shemeji, umeiba au hujui kazi? Chagua moja." Akanieleza kwa aibu. Kiboksi huchagua jina kwa kutazama saa, lakini hakina betri ya kuitunza, kwa hiyo kila kikiwashwa kinadhani ni dakika ileile. Kwake mjini alikijaribu kutwa, majina yakabadilika vizuri tu. Hakuwahi kukizima. Fundi mzima!

Akapata dawa. Ndani mna saa mbili ndogo ambazo haziendi sawa kabisa, kama wanawake wawili wanaopokezana michi kwenye kinu kimoja: huyu anawahi kidogo, yule anachelewa. Sasa kikiwaka kinapima kwanza tofauti hizo, maelfu kwa maelfu, ambazo hakuna awezaye kuzibashiri. Ndipo kinachagua.

Jumapili baada ya Misa tukakizima na kukiwasha mara tatu, majaribio tu. Vitus. Mary. Margareth mwenyewe! Makofi. Kisha ikaja kura yenyewe.

Zenon.

Baba akasimama, uso umemwiva kwa aibu. "Rudia, mkwe! Mimi siitaki!"

Polikarp akakifunika kiboksi kwa kiganja, nikamwonea huruma kweli. "Hapana, baba," akasema. "Nikirudia kwa sababu ni wewe, hapo ndipo nitakuwa nimewaibia."

Mama Margareth akachukua kalamu, akaandika jina la baba la kwanza kwenye orodha ya kulimiwa.