Safari ya Mwalimu wa Ghorofani

Mwalimu wetu wa Kiingereza anaishi juu ya duka langu la kushona, na mimi nasikia kila kitu: bomba lake, kiti chake, na ukimya unaofuata. Mumewe alifariki zamani. Binti yake wa pekee yuko ng'ambo, na simu zake zimekuwa adimu kama maziwa ya kuku.

Darasa lake la jioni ni la watu wazima: mimi, dereva wa lori, muuguzi, na wengine wenye ulimi mzito kama wangu. Kila muhula lazima tufike somo la likizo, kueleza kwa Kiingereza utakwenda wapi na kumshauri msafiri. Sisi ambao hata mji wa pili hatuujui, siku hiyo tunaizunguka dunia kwa mdomo. Mwalimu hujitolea mfano mwenyewe: likizo hii nakwenda kwa binti yangu, nishaurini. Nasi tunamshauri. Chukua sweta. Fika uwanja wa ndege mapema. Usimwachie mtu begi lako.

Muhula huu tukamwamini. Dereva ndiye aliyeanza.

"Mwalimu ana safari, halafu tumuage mikono mitupu?"

Tukachanga, tukamnunulia begi jekundu la magurudumu. Alipolipokea alilia. Muuguzi akasema ni furaha, tukapiga makofi, wajinga sisi.

Mkesha wa safari nilimpaka rangi ya kucha, mikono na miguu. Asubuhi akashuka ngazi na begi lake, teksi ikamchukua. Nilikuwa nimemwahidi kumfagilia mlangoni mpaka arudi.

Jioni ileile nikasikia bomba juu.

Nikapanda na mkasi mkononi, nikijua ni mwizi. Nikagonga. Chini ya ule mlango pana uwazi, na pale nikaona vidole vya miguu vyenye rangi yangu. Kumbe alikuwa amepitia mlango wa nyuma. Hasira ikanipanda, si juu yake, juu yetu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na huyu tulimfanya achutame ndani ya nyumba yake mwenyewe, bila kuwasha taa, akiogopa hata kukohoa.

Ningemwita, ningemmaliza. Nikafagia, nikashuka.

Kesho yake nilipanda na sahani ya chakula. Nikauambia mlango, "Msafiri anashauriwa ale vizuri." Nikaiacha. Asubuhi niliikuta imeoshwa, imefunikwa kifudifudi.

Tukaenda hivyo karibu likizo nzima, mimi na mlango. Nilimsimulia habari za mtaa, wateja wanaonenepa halafu wanalaumu sindano yangu. Hakujibu. Niliumia kuliko nilivyotegemea, maana kumbe na mimi sina mwingine wa kumsimulia.

Jioni moja nilikuwa nainuka kuondoka, sauti ikatoka ndani, kavu kwa kukosa kutumika.

"Fundi. Huku ni baridi."

Nikakaa tena kwenye ngazi. "Si tulikwambia uchukue sweta?"

"Nimechukua. Haisaidii."

"Binti hajambo?"

"Hapokei simu, dada yangu. Toka mwaka jana hapokei."

Ushauri wote aliotufundisha ulikuwa wa mtu anayekwenda mahali.

"Basi rudi, mwalimu," nikasema. "Mimi nipo hapa, nimekuja kukupokea."

Nikasikia kitasa.