Zagabe na Bakteria Wavivu

Saa mbili kasoro asubuhi, Zagabe ananawa mpaka viwiko, anavaa koti jeupe lenye mfuko uliochanika, kisha anatikisa chupa yenye maji ya ukungu. Ndani mna bakteria. Wamebadilishwa chembe za urithi ili watengeneze lisini kwa wingi, kirutubisho ambacho mahindi yanacho kidogo na kuku hawanenepi bila hicho.

Zagabe, mwenye miaka 51, aliacha shule darasa la tano huko Nyangezi. Maabara hii ndogo ya Bukavu ilimwajiri aoshe vyombo. Sasa ni mwaka wa tatu anawatunza bakteria.

"Diplome sina," anasema. "Niko na mikono safi."

Mwezi uliopita mikono hiyo nusura imponze.

Kila chupa mpya ilitakiwa ianzishwe kwa mbegu ya friza, bakteria halisi waliogandishwa. Yeye akawa anamimina kidogo kutoka chupa ya jana. Ndivyo mama yake alivyotengeneza kasiksi, pombe ya ndizi: machicha ya jana huanzisha pombe ya leo.

"Niliona naokoa mbegu," anasema.

Baada ya wiki mbili, lisini ikaisha. Mkuu wa maabara, Emérence, akamwita.

"Papa Zagabe, hawa bakteria unawapikia kasiksi?"

"Ndiyo, maman. Sawa vile mama yangu alikuwa anafanya."

"Basi umefuga wavivu, papa! Mwenye kutumika, kufanya kazi ya lisini, anachoka. Mwenye hatumike anakula tu na kuzaa. Kila siku unachukua batoto ba muvivu!"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Frizani ulibaki mrija mmoja wa mbegu halisi. Ukiharibika, maabara itafungwa na Zagabe atarudi kubeba mchanga, kazi yake ya zamani. Emérence akamkabidhi yeye mrija huo.

"Wewe njo unajua vile inaharibika," alimwambia, maana aliyekosea ndiye anayelijua kosa.

Leo ni siku ya kupima chupa aliyoianzisha jana kwa mbegu ya mrija huo. Zagabe anadondosha tone la chupa hiyo kwenye karatasi, anapulizia dawa, anaipasha moto. Lisini ikiwa nyingi, doa litakuwa la zambarau. Dakika moja, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu doa linajitokeza, linakolea kama vazi la padri wakati wa Kwaresima.

"Iko!" anapiga kelele Emérence.

Zagabe anajaza mirija ishirini ya mbegu mpya na kuipeleka frizani. Mwakani anataka kufuga kuku hamsini Nyantende pamoja na mkewe, Lucie, na kuwalisha chakula chenye lisini hii.

Kisha anachukua kilichobaki kwenye chupa hiyo ya jana na kukimimina chote kwenye ndoo ya javeli, dawa ya kuua vijidudu, mpaka tone la mwisho.

"Mama angeona hii," anasema, "angenichapa."