Mawe ya Mpagazi

Sema naongopa, basi. Nimeshazoea. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote, na alama ninayo hapa kwenye paji la uso. Mama aliiona kabla sijafungua mdomo.

Mimi si mtu wa maneno. Hata darasani jina langu likiitwa naitikia chinichini mpaka wanacheka. Kwa hiyo ukiniona naandika kwa hasira hivi, jua imenifika shingoni.

Shule yetu hapa Kampala ina klabu ya wapanda milima. Likizo iliyopita tulipelekwa Rwenzori. Juu kwenye njia ya matope tulikuta kibao cha chuma kwenye nguzo: jina la Mzungu fulani, eti ndiye aliyeigundua njia hiyo. Aliigundua vipi? Mizigo yake alibeba nani, na huyo aliyembebea alikuwa anapita wapi siku zote?

Nguzo ilikuwa imeinama. Mwalimu wa klabu alitaka picha nzuri, akawatuma wavulana walete mawe ya kuikaza. Kando ya njia kulikuwa na rundo la zamani, nusu limemezwa na majani. Nililitambua papo hapo. Mama ni Mnande wa Beni, Kongo, upande wa pili wa mlima huo huo, na amenieleza mara nyingi: zamani mpagazi akifa njiani kwa baridi, wenzake walimfunika kwa mawe, na kila apitaye akaongeza lake. Lile rundo lilikuwa kaburi.

Nikamsogelea mwalimu, nikamwambia kwa sauti ndogo.

"Mawe ni mawe, binti," akasema. "Au huko kwenu Kongo kila jiwe ni mjomba wako?"

"Na hili je, ni shangazi?" mvulana mmoja akadakia, amelikumbatia jiwe. Wakacheka, wakaikaza nguzo kwa mawe yale, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nikabaki nyuma makusudi. Sikutaka waone machozi.

Ndipo ukungu ukashuka. Niamini, sikuweza kuona viatu vyangu. Akatokea mtu mbele yangu, ameinama, sanduku la mbao mgongoni, limeshikwa na mkanda uliopita kwenye paji la uso. Bibi yangu alibeba kuni hivyo hivyo. Alikuwa pekupeku, na matope hayakutoa sauti alipokanyaga. Nikafikiri ni mpagazi wa kundi lingine. Nikamwamkia kwa Kinande, lugha ambayo shuleni huwa naificha.

Akaitikia bila kuinua kichwa. "Nitue, mjukuu wangu. Nimechoka."

"Nikutue wapi, babu?"

"Pangu. Lakini pangu pamebomolewa."

Wewe ungekimbia? Mimi nilitaka. Lakini kwetu mtu akiomba kutuliwa hukatai. Unapokea kwanza, maswali baadaye. Nikaupokea ule mkanda, nikauvaa. Uzito ukanivuta shingo mpaka nikapiga goti. Hapo nikajua: mzigo huu hautashuka mpaka mawe yarudi.

Nikatambaa hadi kwenye nguzo, nikayang'oa moja moja, nikayarudisha. Nililia kwa hasira, si kwa woga. Amekufa miaka yote hiyo, na bado anambebea yule wa kwenye kibao. Jiwe la mwisho lilipokaa, mkanda ukalegea. Nikasikia karibu na sikio, "Wasingya." Ni asante, kwa Kinande. Nilipogeuka, palikuwa na ukungu tu.

Mwalimu aliporudi kunitafuta, alikuta nguzo imelala chini.

"Nani kafanya huu upuuzi?"

"Mimi," nikasema, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. "Na ukiyagusa tena, mwalimu, utambebea wewe."

Hakuyagusa. Ila kwenye klabu nilifukuzwa.

Nyumbani Katwe, mama aliacha kukunja vitenge vyake vya kuuza soko la Owino, akanishika kidevu, akautazama mstari mwekundu ulioachwa na mkanda kwenye paji langu. "Ulimtua nani?" Nilipomweleza, akanipaka mafuta. Ni miezi sasa. Mstari haufutiki, na mvua ikinyesha shingo inaniuma kama bado nina sanduku.

Picha yao wameibandika ukutani shuleni: wamesimama wanacheka, kaburi la mtu chini ya viatu vyao. Napita hapo kila asubuhi, na kila asubuhi natamani kuichana. Mwenye kibao ana jina. Yule wa chini ya mawe sikuwahi hata kumwuliza lake, na hilo linaniuma kuliko shingo.

Basi wewe unayekwenda milimani na simu yako: ukikuta rundo la mawe kando ya njia, ongeza lako upite. Usichukue hata kokoto. Mwenyewe akikutokea kwenye ukungu akuombe umtue, mimi sitakuwapo kukupokea.