Kweyu na Gurudumu Lisilo na Upepo

Kweyu anakula kwa sababu ya pancha, na hapa Ziwani hakuna anayezichukia pancha kama yeye. Mimi jirani yake, ninayeuza mboga hatua chache kutoka kibanda chake, nimemcheka miaka mingi. Fundi gani anaomba kazi yake iishe?

Sababu naijua. Mkewe, Triza, alipata polio utotoni, na anatumia kiti cha magurudumu. Anafuma sweta za shule kwa mashine na kuzipeleka madukani mwenyewe. Vichochoro vyetu vimejaa misumari na vipande vya chupa, kwa hiyo wiki haipiti bila tairi la kiti kuisha upepo njiani, na Triza kupiga simu. Kweyu huacha gari la mteja juu ya jeki akakimbia. Jambo hilo lilimtesa kuliko alivyosema.

Asubuhi moja Gachanja, dereva wa teksi, alikuwa akingoja gurudumu lake. Kweyu alikuwa amelilaza kwenye beseni la maji, akitafuta mapovu. Gachanja akamsogezea simu.

"Fundi, cheki hii. Tairi ya gari na haina upepo. Ndani ni spoku za plastiki tu. Kanyaga msumari, twende."

Kweyu alitazama mara nne. Gurudumu lilipanda jiwe, likabonyea polepole kama godoro, likarudi lilivyokuwa.

"Hizo zikikuja, utakula nini?" Gachanja akamtania.

"Nitakula usingizi," Kweyu akajibu.

Tangu siku hiyo tulimpoteza. Alikaa kwenye kigoda, mkono majini, macho barabarani, akiyaona magari yote yakipita juu ya magurudumu yaliyo wazi kama masega ya asali. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeita fundi. Katikati yao alipita Triza na sweta zake, akielekea anakotaka. Aliniambia kwamba huko mawazoni hata vumbi halikutimka. Nikamwambia mteja wake amepiga honi mara tatu.

Akaanza kuunda. Gurudumu la kwanza alilitengeneza kwa vipande vya tairi la lori, akavikunja na kuvifunga kwa nati, kama lile la kwenye simu. Lilipendeza, nakiri. Lakini Triza hakufika hata bombani kabla matope na kokoto hazijajaa humo ndani likagoma. Mara ya pili Kweyu aliacha urembo. Alikata mpira mgumu vipande virefu, akavishindilia ndani ya matairi yote mawili ya kiti, mahali pa tyubu.

Wiki mbili zikapita bila pancha. Kweyu alikuwa akitabasamu peke yake hata akiziba matairi ya watu.

Kisha siku moja, Triza akiwa kwenye mashine yake, Kweyu alikikalia kiti akajisukuma hadi getini na kurudi. Alirudi ameshika kiuno. Kila kokoto alikuwa ameihisi mgongoni. Chini ya mto wa kiti akakuta leso mbili zimekunjwa kuongeza ulaini, na si yeye aliyeziweka. Aliingiwa na huzuni, akachukua spana.

"Mama Mideva, mbona hukuniambia hii kitu inaumiza?"

"Inaumiza," Triza alisema, bila kuacha kufuma.

"Basi wacha niitoe. Nitarudisha tyubu leo."

"Usiguse, Baba Mideva." Sasa alikuwa ameacha mashine. "Mgongo ukiuma nakunywa dawa, nalala. Lakini wiki mbili sijakaa kando ya barabara nikingoja mtu aje anichukue. Watu wanapita, wananiangalia na huruma, wengine wananirushia shilingi. Wewe ukikuja unakuja mbio, umechoka, na mimi nasema asante. Tangu nizaliwe sijawahi kumaliza wiki mbili bila kumwambia mtu asante."

Mimi nilikuwa nikichambua sukuma wiki mlangoni kwao, na niliona haya kwa kucheka kote kule.

Triza akajivuta kutoka kigodani hadi kwenye kiti, akapakata sweta, akatoka. Magurudumu yaligongagonga juu ya kokoto mpaka kwenye kona. Kweyu alisimama mlangoni na spana yake mkononi, na hakumfuata.