Kinyozi na Persimoni Yenye Ncha

Kinyozi huyu walimwita Redio, na jina likamkaa, maana tangu afungue kibanda asubuhi hadi afagie nywele za mwisho, mdomo wake haukupumzika. Mkewe alishafariki, binti yake ameolewa mbali, na nyumbani hakukuwa na wa kusema naye. Maneno yote aliyabeba akaja kuyamwaga kazini.

Mlango wa pili alihamia muuza matunda, mjane kama yeye. Siku moja mama huyo alileta matunda ambayo mtaa ule haukuyazoea: persimoni, rangi ya chungwa, ngozi nyororo kama ya nyanya. Aliyapanga mafungu mawili, yaliyo bapa huku, yenye ncha kule.

"Haya bapa unayala hata yakiwa magumu, jirani," alisema. "Ila haya yenye ncha, usiyaguse mpaka..."

Redio hakungoja kusikia mpaka nini. Alishaanza kisa cha mapera aliyokula utotoni. Akachagua lenye ncha, lililomvutia macho, akalifutia kwenye aproni, akarudi kwa mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa. Huko ndiko alikoling'ata.

Ukakasi ulimvaa mdomo mzima. Ulimi ukawa kama umepakwa chaki, mashavu yakanywea. Akafungua kinywa aseme, neno likagoma.

Mteja akageuka. "Vipi, Redio, betri zimekwisha?"

Redio akatikisa kichwa tu.

Mama akaja na kikombe cha maji, anacheka mpaka machozi. "Nilikuwa nakwambia usubiri mpaka yalegee, lakini matangazo yako nani angeyakatiza?"

Akakaa kwenye benchi la wateja, na kwa kuwa mwenye kibanda alikuwa bubu, akaongea yeye. Alisema mti wa haya yenye ncha marehemu mumewe aliuleta ukiwa mche, akaupalilia miaka na miaka, akafa bila kuonja tunda lake. Msimu huu ndio umezaa mara ya kwanza. Hajamwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Redio akazima mashine. Miezi yote ile alimsimulia mama huyu hata maumivu ya goti lake, na hajawahi kumuuliza ameamkaje.

Jioni alipewa lingine lenye ncha, akaliweka dirishani. Kila asubuhi alilibonyeza kidogo, akaliacha. Lilipolegea kama puto la maji, akalipeleka mlango wa pili na vijiko viwili.

"Onja kwanza wewe," alisema. "Halafu unisimulie huyo bwana alikuwa mtu wa namna gani."

Lilikuwa tamu kama asali. Wakalila taratibu, na mama akasimulia mpaka kijiko kikakwangua ganda.

Msimu uliofuata walikwenda shambani pamoja kuvuna, wakiwa mume na mke. Redio alisimama chini ya mti, akavua kofia, akamshukuru marehemu kwa sauti. Kisha akamshikia mkewe ngazi.