Makofi Yaliyobaki Kwenye Kanda

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikiyumba mtanivumilia. Nataka kusema habari za mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa anapiga gitaa la solo kwenye bendi yetu hapa Sumbawanga. Mimi nilipiga tumba. Vyombo vilikuwa vya chama cha ushirika, na chama kilipokufa, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mtu aliondoka na alichokuwa amekishika. Ndiyo miaka tuliyoanza kuvaa makoti ya mitumba. Langu lilikuwa la kike, na sikujua mpaka mke wangu alipocheka upande wa vifungo. Nililivaa hivyohivyo, baridi ya huku haina aibu.

Lakini habari ni ya mdogo wangu.

Alitaka kupiga peke yake. Alishuka bondeni, Mtowisa, kwa Wasukuma wenye ng'ombe, akakaa huko msimu mzima wa mpunga, na aliporudi hakutaka tena nyimbo zetu. Alisema gitaa letu linasoma neno mojamoja kama mtoto mbele ya ubao. Akatia spika ndani ya pipa tupu la mafuta, akasugua nyuzi kwa kijiko, sauti ikatoka inazunguka nyumba kama upepo unaotafuta mlango. Wazee wakasema amerogwa bondeni. Mimi nilisema ni bangi. Kila mtu alisema lake, ila hakuna aliyemuuliza yeye. Na kweli alikuwa anavuta, sitaficha, na usingizi ulikuwa umeshamhama.

Kanda yake tuliirekodi nyumbani kwao Pito, asubuhi, kwa redio kaseti na betri ya gari iliyokuwa inakaribia kwisha. Yeye na gitaa, mimi na tumba, basi. Wimbo wa tatu ukiwa katikati, baba mkubwa akaingia. Sasa, kwetu Wafipa mkubwa akiingia huwezi kuendelea na lako. Unachuchumaa, unapiga makofi polepole, viganja umevikunja kidogo, mpaka aitikie. Mdogo wangu akaweka gitaa chini, akachuchumaa, nami vilevile, tukapiga makofi, baba mkubwa akaitikia kwa kuguna akapita kwenda uani. Gitaa likaokotwa, wimbo ukaendelea. Hakuna aliyekumbuka kuzima redio. Nilitaka turudie, betri ikagoma.

"Acha, kaka," akaniambia. "Hapo ndipo wimbo ulipopumua."

Kanda ile ilirudufiwa mpaka sauti ikawa kama inatoka chini ya maji. Madereva wa malori waliipeleka nisikokujua. Ila mwenyewe hakumaliza hata miaka miwili akipiga. Tulialikwa Mpui baada ya mavuno, mchana kweupe, uwanja umejaa. Akapiga uzi mmoja. Uleule, uleule, mpaka kivuli cha jukwaa kikahama. Watu wakaanza kumtania, "Fundi, zile nyuzi nyingine umeziacha nyumbani?" Uwanja ukacheka. Nami nilicheka. Aligeuka akaniangalia kama mtu aliye ng'ambo ya mto, akaliacha gitaa kwenye majani, akashika barabara kwa miguu. Tulimpita na gari, tukasimama, akakataa kupanda.

Tulihangaika naye. Padri alimwombea, mganga alimchanja, hospitali walimpa vidonge vikamnenepesha na kumlaza. Ulezi alilima vizuri tu kama watu wengine. Gitaa hakuligusa. Mimi nilikuwa na haja moja tu, nimwone amelishika tena, hata kwa dakika. Mama mdogo alinikataza kumsumbua, basi nikawa naliegemeza ukutani nikijifanya nimelisahau. Nikirudi wiki nyingine nalikuta palepale, kuku wameshalichafua.

Miaka mingi baadaye wakaja kwangu vijana watatu wa mjini, wana bendi yao. Wakasema huku kwetu kila anayejifunza gitaa anaanza na kanda ile, na wao katikati ya nyimbo zao huweka makofi, kwa sababu ndiyo mtindo wake. Nilikuwa na la kuwaambia, nikalimeza. Walikuwa wamefurahi mno. Nikawapeleka Pito, nikifikiri labda akiwaona hawa atalishika.

Tulimkuta ndani anapukuchua mahindi. Wakamwamkia shikamoo, akawajibu bila kuinua macho. Wakawasha kanda. Akasikiliza.

"Huyu anayepiga ni nani?"

"Ni wewe, mzee wetu," mmoja akasema, anacheka kidogo.

"Anajua. Mwambieni apumzike."

Halafu yakaja yale makofi. Mdogo wangu akaacha bunzi likaanguka, akachuchumaa, akauelekea mlango, akapiga makofi polepole, viganja amevikunja. Baba mkubwa tulishamzika zamani. Vijana wakaangaliana, nyuso zinang'aa, wakadhani anawafundisha mapigo, nao wakaanza kupiga, mmoja anatikisa kichwa.

Kwenye kanda gitaa lilikuwa limeshaendelea. Yeye hakuacha, maana hakuna aliyemwitikia. Mkubwa aliyebaki mle ndani nilikuwa mimi. Nikaguna, kama alivyokuwa akiguna baba mkubwa. Hakugeuka. Nikaguna tena, kwa nguvu zaidi. Kanda ikaisha, kitufe kikaruka, vijana wakashusha mikono, na yeye bado anautazama mlango, anapiga.