Magauni Matatu ya Atieno

Juzi binti yangu alikuwa akijiandaa kupanda mlima na wenzake wa shule. Nilipomwona akivaa sweta juu ya sweta, nilitoka nje nikapumua.

Nilipokuwa mdogo, dada yangu Atieno alitaka twende kilima cha Asego. "Mwombe Mama wewe," aliniambia. "Wewe hakukatalii." Nikaomba, Mama akakubali. Atieno akavaa magauni matatu kwa pamoja, akaniambia kileleni kuna baridi. Nami nikavaa sweta, nikabeba begi letu la nduma na maji. Lilikuwa zito ajabu, likinukia sabuni ya kuogea.

Kileleni jua lilichoma. Atieno alinipa nduma, akachukua begi. "Kula, naenda kutafuta kivuli."

Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Kisha nikamwona kule chini, upande wa pili, akitembea na mwanamume aliyebeba begi letu.

Nilishuka peke yangu, nikamweleza Mama.

"Yawa!" alisema. "Kumbe ndiyo sababu uliniomba vile?"

Atieno alisamehewa siku ng'ombe wa mahari walipofika. Mimi, Mama hakuamini kamwe kwamba sikujua.